Mtoto wa Benchi la Nyuma Naye Ana Jibu

Mtu akiketi nyuma ya darasa katika shule nyingi za msingi za Lubumbashi, iwe katika mitaa ya jiji hilo ya Katuba, Kenya au Ruashi, huona jambo ambalo mwalimu aliyesimama mbele ya ubao hawezi kuliona kwa urahisi. Swali linaulizwa, mikono mitano au sita ya benchi za mbele inainuka papo hapo, mmoja anajibu vizuri, darasa zima linampigia makofi, na somo linaendelea. Watoto wengine hamsini na zaidi hawajasema neno, na pengine wengi wao hawajamaliza hata kulielewa swali lenyewe. Mwalimu anatoka akiamini kwamba amefundisha, na kweli amefundisha, lakini waliofaidi ni wale waliokuwa wamekaribia kujua.

Sisi ambao kazi yetu ni kuwaandaa walimu na kuwafuata darasani tumezoea kulaumu wingi wa wanafunzi, na lawama hiyo ina msingi. Tangu Septemba 2019, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoanza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, kinachosema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, watoto wengi waliokuwa wamezuiwa nyumbani na minervali, yaani karo ya shule, wameingia shuleni, baadhi yao wakiwa wakubwa kuliko wenzao wa darasa kwa miaka mitatu au minne. Nalifurahia jambo hilo kwa moyo wote. Lakini kumwandikisha mtoto ni kazi moja na kumfundisha ni kazi nyingine, na ile ya pili haifanywi na sheria. Tamko la Salamanca, lililokubaliwa nchini Hispania mwezi wa Juni 1994 na wajumbe wa serikali 92, liliitaka shule ya kawaida iwapokee watoto wote, bila kujali hali yao ya mwili, ya akili, ya lugha au ya jamaa zao. Nchi yetu nayo ilipata mwaka 2022 sheria inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Yote hayo hubaki karatasini ikiwa mtoto aliyepokelewa mlangoni hapati zamu ya kusema.

Kwa hiyo tunaanza na jambo dogo lisilodai fedha, nalo ni kimya kinachofuata swali. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi masomo mengi ya sayansi katika miaka ya 1960 na 1970, akagundua kwamba walimu walingoja takribani sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kumwita mtoto mwingine au kujijibu wenyewe. Tena wale waliohesabiwa kuwa dhaifu ndio waliongojewa muda mfupi zaidi. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, walionyamaza walipungua, na watoto ambao hakuna aliyewategemea walianza kutoa mawazo yao. Sekunde tatu ni ndefu kwa mtu aliyesimama mbele ya watoto sitini, na wengi wetu tunaogopa kwamba kimya kitageuka kelele. Mwalimu na ahesabu moyoni, mikono yote ikiwa chini, kisha ndipo ataje jina la mtoto. Jina likitajwa kabla ya swali, wengine wote hupumzika.

Naomba tuwe waangalifu na majibu ya pamoja. Watoto wanaposema kwa sauti moja «Ndiyo, mwalimu», mwalimu hajui nani ameelewa na nani amefuata tu mdomo wa jirani. Kuitikia pamoja kunafaa kwa shairi au kwa hesabu za kuzidisha, lakini hakupimi uelewa.

Baada ya kimya huja mazungumzo ya wawili wawili, na hapa suala la lugha ndilo zito kuliko yote. Watoto wetu huanza kusoma kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba, kisha huingia katika Kifaransa; na nyumbani wapo wanaosema Kibemba, Kisanga, Kiluba au Kiluba cha Kasai. Mtoto aliyekuwa mchangamfu katika darasa la pili anaweza kuwa bubu katika darasa la nne, naye hajapungukiwa akili hata kidogo. Tuchukue somo la sehemu katika hesabu. Mwalimu anauliza: mama amenunua meka (kopo la kupimia) moja ya unga, akapika bukari (ugali) ya robo yake mchana na ya nusu yake jioni, je, umebaki unga kiasi gani? Watoto wa benchi moja wazungumze kwanza kwa Kiswahili kwa dakika mbili, wachore meka hiyo katika daftari na kuigawa. Ndipo mwalimu awape maneno ya Kifaransa ya nusu na robo, na jozi kadhaa zilizotajwa majina zilieleze darasa zima jibu kwa Kifaransa hicho kipya. Wazo limekwisha kukomaa katika lugha wanayoimudu, na kilichobaki ni kulivisha maneno. Wapo wakubwa wa shule wanaoona kwamba Kiswahili katika madarasa ya juu kinachelewesha Kifaransa. Nimeona kinyume chake mara nyingi mno kukubaliana nao.

Kwa mtoto mwenye ulemavu, mengi huanzia mahali anapoketi na tabia ya mwalimu. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida haoni mbali na huumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo akae karibu na ubao, akilipa dirisha mgongo, na aruhusiwe kuvaa kofia. Asiyesikia vizuri anahitaji kuuona mdomo wa mwalimu, na mwalimu anayesema huku akiandika amempa kisogo. Kila kilichoandikwa ubaoni kisomwe kwa sauti, jambo ambalo humsaidia pia mtoto mkubwa aliyeanza shule juzi, anayeona haya kukiri kwamba bado hajui kusoma.

Hakuna mwalimu anayebadilika kwa semina ya siku tatu peke yake, hata ikiwa nzuri. Kinachobadilisha kazi ni kikao cha walimu cha shuleni, ambacho mara nyingi hugeuka mahali pa kusoma matangazo na kukagua karatasi za matayarisho. Tunapendekeza kila mwalimu aketi nusu saa kwa juma nyuma ya darasa la mwenzake, achore ramani ya benchi zote, na atie alama moja kila mtoto anapoongea na mwalimu au anapolijibu darasa. Juma linalofuata wabadilishane. Ramani hiyo haiendi kwa mkaguzi wala haiingii katika faili la mtu. Ni ya walimu hao wawili, la sivyo kila mmoja ataandaa somo la maonyesho. Baada ya majuma manne wazitandaze ramani zote mezani, wamtafute mtoto ambaye jina lake bado halina alama hata moja, na wapange pamoja swali atakaloulizwa Jumatatu.