Usinunue Kliki, Nunua Shokapu

Wengi wanaokuja kutuuliza kuhusu koilova huwa wameshazipenda kabla ya kuzielewa. Wameona rangi yake, wameona kinobu kilichokaa juu, wameambiwa ina kliki 32, yaani hatua 32 za kurekebisha shokapu kwa kinobu hicho, na bei ni nafuu kuliko walivyodhani. Swali lao ni moja: nishushe gari kiasi gani? Sisi tunaofundisha ufundi wa magari tunaanza na jingine: gari hili linapita wapi kila siku, na linabeba nani?

Koilova ni springi na shokapu vilivyofungwa pamoja, bomba la shokapu likiwa na hesi kama za bolti. Nati pana inayozunguka kwenye hesi hizo ndiyo inayopandisha au kushusha gari. Springi hubeba uzito. Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kunesa. Husukuma oili kupitia vitundu vyembamba, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Ukiigusa baada ya kutoka barabara ya mashimo utaikuta ina moto.

Hapa ndipo bei rahisi inapojificha. Chukua kona moja ya gari dogo iliyobeba kilo 300. Springi yenye ugumu wa kilo 3 kwa milimita itabonyea milimita 100 chini ya uzito huo, na kona hiyo itanesa takriban mara 1.6 kwa sekunde. Magari mengi ya familia hukaa kati ya mara 1 na 1.5, kwa hiyo huo tayari ni ugumu kidogo ila unavumilika. Sasa weka springi ya kilo 8. Itabonyea milimita 37 na nusu tu, na mneso utafika mara 2.6 kwa sekunde. Hilo ni gari la mashindano, na abiria wa nyuma atakwambia hivyo kabla hujafika mwisho wa mtaa.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba springi iko karibu na gurudumu. Ikiwa imekaa katikati ya mkono wa chini, chuma kinachounganisha gurudumu na bodi, kiasi kwamba gurudumu likipanda milimita 10 springi inabonyea 7, gurudumu linahisi kama nusu tu ya ugumu ulioandikwa kwenye springi. Kwa hiyo usilinganishe namba za gari lako na za jirani mwenye gari la muundo mwingine, wala za mbele na za nyuma za gari lako mwenyewe.

Kwa nini basi koilova za bei ndogo huja na springi ngumu namna hiyo? Mara nyingi ni kwa sababu shokapu yake ni fupi na nafasi ya kubonyea imebaki kidogo, hivyo kwa springi laini shokapu ingegonga raba ya mwisho, ile inayoizuia isibonyee kupita kiasi, kwenye kila tuta. Springi ikiongezwa ugumu mara mbili, shokapu inatakiwa iongezewe nguvu ya kutuliza kama mara 1.4. Asipofanya hivyo mtengenezaji, unapata gari gumu linalorukaruka, na hayo ni mabaya mawili kwa bei ya moja. Ndiyo sababu pia kukata springi za kiwandani, jambo linalozifanya ngumu zaidi, na kuacha shokapu za zamani hatukushauri hata kidogo.

Tuje kwenye kliki. Kinobu kimoja kwa kawaida hurekebisha zaidi jinsi shokapu inavyojinyoosha baada ya kubonyea, si pande zote mbili kwa usawa. Kwenye shokapu hafifu unaweza kuzungusha kliki nyingi bila kuhisi kitu, kisha mabadiliko yote yakaja kwenye chache za mwisho. Baya zaidi, kliki ya 10 kushoto na kliki ya 10 kulia zinaweza zisitoe nguvu sawa. Muulize muuzaji kama ana grafu ya kipimo cha shokapu hiyo. Asiyekuwa nayo anakuuzia kinobu. Muulize pia kama anauza shokapu moja peke yake na kama inaweza kufunguliwa ikabadilishwa sili na oili. Jibu likiwa hapana, siku moja ikivuja utanunua seti nzima.

Kuna imani nyingine inayosumbua gereji: kwamba kukaza nati ya springi kunaifanya springi iwe ngumu. Springi ya kawaida, ambayo koili zake zina nafasi sawa, haibadiliki. Gari likishakaa chini kwa uzito wake, ulichofanya ni kuliinua tu.

Kwa mwenye bajeti ndogo na gari la kila siku, ushauri wetu mara nyingi si koilova kabisa. Ni shokapu nzuri pamoja na springi za kiwandani, au fupi kidogo. Koni Sport, kwa mfano, ina marekebisho ya kujinyoosha tu, na hayo yanatosha. Bilstein B8 haina kinobu chochote, lakini imetengenezwa kwa ajili ya gari lililoshushwa. Kwenye koilova, kimo utakipanga mara moja wiki ya kwanza, kisha hutakigusa tena. Tumeona hesi nyingi zilizoshika kutu kwa kutoguswa. Ukilipia uwezo wa kubadilisha kimo, jiulize utautumia lini.

Ukiamua kushusha, kaa kwenye milimita 20 hadi 30. Mfumo wa MacPherson, ambapo shokapu yenyewe ndiyo inayoshikilia gurudumu kwa juu na mkono mmoja kwa chini, na ambao Ford Consul ya 1950 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuutumia, uko mbele ya magari mengi madogo leo, na hauvumilii kushushwa sana. Mkono wa chini ukipita usawa na kuelekea juu upande wa gurudumu, gari huongeza hamu ya kulala kwenye kona, kinyume na alichotarajia mwenye gari. Usukani nao huanza kuvutwa na kila shimo.

Kabla ya kununua chochote, kagua bushi (raba za viungo vya mikono), bolijointi (viungo vya mpira wa chuma vinavyozunguka) na matairi. Bushi iliyochoka itakufanya ulaumu shokapu mpya. Tenga pia pesa za fundi, za alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) na za kurekebisha taa, maana kimo kikibadilika taa nazo hubadilisha zinapomulika. Kazi ya kuvua springi mwachie mwenye kibana springi kinachofaa. Springi iliyobanwa ikiponyoka inaua.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau: bolti za bushi za mikono zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki. Zikikazwa likiwa linaning'inia, raba hubaki imejisokota muda wote na hupasuka mapema. Mteja hurudi akisema koilova zinapiga kelele.

Ukishafunga, zungusha kinobu hadi mwisho wa ugumu, kisha hesabu kliki ukirudi nyuma, kwa sababu mwisho wa ugumu ndio alama isiyoyumba. Anza katikati, kushoto na kulia sawasawa, ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike. Gari likinesa kama mashua baada ya tuta, ongeza. Likizidi kuzama kwenye mfululizo wa matuta madogo, kana kwamba halipati muda wa kuinuka, umezidisha, punguza. Baada ya wiki chache springi zikishakaa, pima kimo tena na urudie alaimenti. Na kila unapoosha gari, pitisha brashi kwenye hesi, uzikaushe na uzipake grisi nyepesi, usije ukazihitaji siku nati haizunguki.