Faida si kipimo pekee cha biashara

Wengi wa wenye nyumba za wageni huku Lamu, ukiwauliza biashara inaendaje, hufungua daftari la mapato na kukuonyesha faida ya Desemba (mwezi ambao, tukiri, humfadhili hata mzembe), kana kwamba hesabu hiyo inatosha kupangia mwaka unaofuata. Haitoshi. Faida ni kipimo kinachochelewa: hueleza yaliyokwisha kutendeka, na mgeni aliyeondoka Shela akinung'unikia chakula kilichochelewa haonekani humo mpaka msimu ujao, atakapokosekana.

Mwaka 1992 Robert Kaplan na David Norton, wataalamu wa usimamizi wa biashara, walipendekeza mfumo uitwao Balanced Scorecard, unaoitazama biashara kwa pande nne, yaani fedha, wateja, taratibu za ndani, na kujifunza na kukua. Hapo huzuka kosa la pili, nami naliona baya kuliko la kwanza: watu hudhani mfumo huu ni orodha ndefu ya kujaza tarakimu. Kinachotakiwa ni vipimo vichache vilivyofungamana kwa sababu na matokeo. Mpishi akifunzwa, chakula hakichelewi. Chakula kisipochelewa, mgeni huridhika na kurudi. Akirudi, mapato hupanda. Kipimo kisicho na nafasi katika mnyororo huo kiachwe, hata kikiwa rahisi kuhesabika.

Mkakati, basi, hutangulia vipimo. Anayetaka wageni wa masika, miezi ambayo vyumba vingi hulala vitupu, atapima maombi ya vyumba yanayoingia Februari na Machi, wala hatangoja hesabu ya Juni.