Bei Zilisimama, Pesa Ikaenda Sinema: Uingereza Mwaka 1942

Mtu akizitazama takwimu rasmi za bei za Uingereza za mwaka 1942 bila kuambiwa kwamba nchi ilikuwa vitani, hataviona vita humo. Kielezo cha gharama za maisha, yaani kipimo cha bei za bidhaa za kila siku, kilichoanzia 100 mnamo Julai 1914, kilikuwa takriban 155 vita vilipoanza Septemba 1939, kikapanda kwa kasi hadi kukaribia 200 mwaka 1941, kisha kikatulia hapo hapo. Mwaka mzima wa 1942 hakikutikisika. Na huo ndio mwaka ambao Singapore ilianguka Februari na bandari ya Tobruk nchini Libya ikaanguka Juni, na nyambizi za Kijerumani zikazamisha meli za mizigo kwa wingi kuliko mwaka mwingine wowote wa vita vile.

Mimi ni mwanahistoria wa uchumi, na bei zinazotulia katikati ya dhoruba hunitia shaka kuliko bei zinazopanda. Bei ya mwaka 1942 haikutulia yenyewe, bali ilitulizwa. Katika bajeti ya Aprili 1941 Waziri wa Fedha, Kingsley Wood, alitangaza kwamba serikali ingezuia kielezo kisipande zaidi ya asilimia 25 hadi 30 juu ya kiwango cha kabla ya vita, na njia yake ilikuwa ruzuku: Wizara ya Chakula ilinunua ngano, nyama na maziwa kwa bei kubwa, ikaviuza kwa bei ndogo, na hazina ikafidia tofauti kwa zaidi ya pauni milioni 100 kwa mwaka. Sababu haikuwa huruma peke yake. Mishahara ya wafanyakazi wengi ilifungamana na kielezo hicho kwa mikataba, hivyo mkate ukipanda, mishahara nayo ilipaswa kupanda, na serikali, ambayo ndiyo ilikuwa mnunuzi mkuu wa kila kitu kilichotoka viwandani, ingejikuta ikizilipa nyongeza hizo yenyewe.

Sasa tuangalie ndani ya kapu la bidhaa lililopimwa, maana ndipo ujanja ulipo. Uzito wa bidhaa katika kielezo kile, yaani sehemu ya kila bidhaa katika hesabu, ulitokana na uchunguzi wa matumizi ya familia za wafanyakazi uliofanywa mwaka 1904. Mkate, sukari na nyama vilitawala. Bia haikuwamo kabisa, na sigara zilipewa uzito mdogo mno. Kwa hiyo serikali ilikuwa na ramani iliyo wazi: kilichomo kapuni kilipewa ruzuku, na kilicho nje, au kilichomo kwa jina tu, kilitozwa kodi. Katika bajeti ya Aprili 1942 sigara 10 zilipanda kutoka peni 9 hadi shilingi 1, painti ya bia ikaongezwa peni 2, na kodi ya burudani ikapandishwa. (Shilingi ilikuwa na peni 12, na shilingi 20 zilifanya pauni; ni shilingi ambayo ile ya Afrika Mashariki ililingana nayo kwa thamani tangu mwaka 1921.) Kielezo hakikushtuka. Siwezi kuuita udanganyifu, kwa sababu chakula kweli kilibaki rahisi, lakini hesabu ile ilisema ukweli wa jikoni tu.

Na jikoni kwenyewe, bei rahisi isingefaa kitu bila mgawo, maana ukishusha bei ya bidhaa adimu bila kuweka kipimo, wa kwanza kwenye foleni ndiye anayekula. Mtu mzima mmoja mwaka 1942 alipata kwa wiki takriban gramu 113 za nyama ya nguruwe ya kukausha, gramu 227 za sukari, gramu 57 za majani ya chai, na gramu 227 za mafuta ya kila aina, yaani siagi, majarini na mafuta ya kupikia kwa pamoja. Mayai mabichi yalikuwa kwa bahati. Kuanzia katikati ya mwaka kulikuja mayai ya unga kutoka Marekani, pakiti moja iliyohesabiwa sawa na mayai 12 ikiuzwa kwa shilingi 1 na peni 9. Sabuni iliingizwa kwenye mgawo Februari, kwa kuwa mafuta ya kuitengenezea yalihitajika kuliwa, na peremende zikafuata Julai.

Nyama ya kawaida haikupimwa kwa uzito bali kwa thamani: kila mtu mzima alikuwa na haki ya nyama ya shilingi 1 na peni 2 kwa wiki. Mtu hukiona kama kifungu kidogo cha sheria, lakini kilibadilisha mazungumzo yote ya buchani. Mama wa nyumba aliyejua kupika taratibu alichukua nyama ya shingo au ya ubavu akarudi na kifurushi kikubwa; aliyetaka steki alirudi na kipande cha mlo mmoja. Utumbo na maini vilikuwa nje ya mgawo, hivyo viliwekwa chini ya kaunta kwa ajili ya wateja ambao mwenye bucha aliwapenda, na hapo ndipo yalipozuka malalamiko mengi. Mkate na viazi havikuwekewa mgawo wakati wa vita, ila mkate mweupe ulipigwa marufuku majira ya kuchipua, na mkate wa taifa, wenye rangi ya kijivujivu kwa sababu ya kuachiwa pumba nyingi, ukachukua nafasi yake na kununiwa nchi nzima.

Pamoja na mgawo huo palikuwa na pointi, zilizoanza Desemba 1941 kwa vyakula vya makopo. Kila mtu alipewa idadi ya pointi kwa majuma manne, akazitumia apendavyo, na Wizara ikawa inapandisha au kushusha pointi za kila kopo kulingana na linavyogombewa. Mchumi anaona mara moja kilichotokea: bei ilifukuzwa mlangoni ikarudi kwa dirishani, ikiwa sarafu ya pili ambayo tajiri na maskini walipewa sawasawa. Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi mzuri kuliko yote wa Lord Woolton, Waziri wa Chakula, ingawa jina lake limebaki kwenye pai la mboga ambalo sidhani kuna aliyelipenda.

Nguo nazo zilikuwa na kuponi tangu Juni 1941, 66 kwa mwaka wa kwanza. Suti moja ya mwanamume ilizimeza 26. Hugh Dalton, aliyekuwa akisimamia biashara kuanzia Februari 1942, aliongeza masharti ya ushonaji ili kuokoa kitambaa, likiwemo lile la kukataza pindo la chini la suruali. Wanaume waliovumilia mabomu walishindwa kulivumilia hilo. Wengi walinunua suruali ndefu kuliko miguu yao, wakaenda kuikunja na kuishona nyumbani.

Wakati huohuo mishahara ilipanda. Wastani wa mapato ya mwanamume wa kiwandani ulikuwa shilingi 69 kwa wiki mwaka 1938, na Julai 1942 ulikuwa umefika shilingi 111, kwa sababu ya saa za ziada na upungufu wa watu. Huyu mtu ana pesa kuliko alivyowahi kuwa nazo, chakula kinachukua sehemu ndogo ya pesa hiyo, nguo zina kuponi, na petroli ya matembezi binafsi imefutwa kabisa tangu Julai. Ataipeleka wapi? Sehemu iliingia kwenye kodi na hati za akiba za serikali. Nyingine iliingia kwenye bia na sigara, ambako hazina ilikuwa inaisubiri. Na sehemu kubwa ya jioni zake aliipeleka sinema.

Mwaka 1939 tiketi za sinema zilizouzwa Uingereza zilikuwa takriban milioni 990. Mwaka 1942 zilikaribia milioni 1,500, katika nchi ya watu wasiofika milioni 50. Hiyo ni zaidi ya mara 30 kwa kila mtu, vichanga na vikongwe wakihesabiwa. Wanaoeleza jambo hili husema watu walitaka kusahau vita, na sibishi, ila naona wanaruka mambo ya kawaida: makaa ya mawe yalikuwa haba, nyumba zilikuwa baridi, barabara zilikuwa giza totoro kwa amri ya kuzima taa, na ukumbi wa sinema ulikuwa na joto na viti laini bila kudai kuponi hata moja. Isitoshe, hawakusahau vita humo ndani, kwa kuwa kabla ya picha kubwa zilionyeshwa filamu za habari zilizobadilishwa mara mbili kwa wiki, na ndipo wengi walipoliona jangwa la Libya kwa macho.

Nyumbani redio ndiyo iliyotawala, kwa leseni ya shilingi 10 kwa mwaka ambayo vita havikuipandisha. Asubuhi BBC ilitoa mazungumzo ya mapishi ya mgawo. Viwandani ilipiga muziki mara mbili kwa siku ili mikono isilegee. Na saa tatu usiku nchi ilinyamaza kusikiliza taarifa ya habari, ambayo wasomaji wake, tangu mwaka 1940, walitaja majina yao ili adui asije akaiga sauti zao. Utabiri wa hali ya hewa haukutangazwa, maana ungewafaa marubani wa Ujerumani. Januari 1942 kilianza kipindi cha kumuuliza mgeni angechukua santuri zipi kama angeachwa peke yake kisiwani, na kipindi hicho kingali hewani hadi leo.

Magazeti mengi yalikuwa na bei ileile ya peni 1 na kurasa chache tu, kwa kuwa karatasi ilikuja kwa meli. Ufupi huo haukuyafanya yawe dhaifu. Tarehe 6 Machi 1942 Daily Mirror lilichapisha katuni ya Philip Zec: baharia ameng'ang'ania chelezo katikati ya bahari yenye giza, na chini yake maneno yanayosema kwamba bei ya petroli imepandishwa kwa peni moja, taarifa rasmi. Zec alikusudia kuwaambia wenye magari kwamba petroli wanayoipoteza imelipiwa kwa roho za watu. Serikali ilisoma kinyume, kwamba mabaharia wanakufa ili makampuni ya mafuta yapate faida, na tarehe 19 Machi Herbert Morrison, Waziri wa Mambo ya Ndani, alilitahadharisha Bungeni kwamba angeweza kulifungia. Halikufungiwa. Kinachonivutia ni kwamba katika nchi ambayo bei zilikuwa zimefungwa kwa nguvu zote, peni moja iliyoponyoka ilitosha kuitikisa serikali.

Ulanguzi ulikuwepo, na Machi 1942 adhabu yake iliongezwa hadi kifungo cha miaka 14. Mlo wa hotelini ulipewa kikomo cha shilingi 5 kuanzia Juni, baada ya watu kuchoka kuona wenye pesa wakila nje ya mgawo, lakini hoteli za kifahari ziliruhusiwa kutoza ada za ukumbi na muziki, kwa hiyo mwenye nacho hakulala njaa.

Utulivu wa bei wa London ulikuwa pia na upande wake wa Tanga. Japani ilipoteka Ufilipino na Java, mkonge wa Tanganyika ukawa tegemeo kuu la kamba za majeshi ya Washirika. Bei ingepaswa kuruka, lakini Uingereza iliununua mkonge wote kwa bei iliyopangwa, na upungufu wa vibarua ukazibwa kwa kuandikisha watu kwa lazima kwenda mashambani. Kielezo hakikuwa na safu ya gharama hiyo.

Kapu la mwaka 1904 liliendelea kutumika hadi vita vikaisha, na lilibadilishwa Juni 1947. Katika kielezo kipya vinywaji na tumbaku vilipewa uzito wa 217 kati ya 1,000, zaidi ya mara mbili ya nguo zote.