Je, wajua kwa nini dalali wa mahakama hagusi gari la Serikali?

Mtu ameishtaki wizara kwa kazi aliyoifanya asilipwe. Ameshinda, na hukumu ya Mahakama Kuu anayo mkononi. Nje ya jengo la wizara limeegeshwa Land Cruiser lenye namba za STK, yaani gari la Serikali. Kwa nini asimwite dalali wa mahakama, gari likakamatwa na kupigwa mnada kama gari la mdaiwa mwingine yeyote?

Kwa miaka mingi nililijibu swali hili vibaya. Niliamini ni ujanja wa mawakili wa Serikali: wakishashindwa kesi, wanarudi kwa jaji kuomba zuio, na mshindi anabaki na karatasi tu. Nilikosea mara mbili. Kinga hiyo haiombwi na wakili, imo ndani ya sheria tangu kesi haijafunguliwa. Wala hukumu si karatasi tu. Deni ni deni, na sheria yenyewe inasema lilipwe. Kinachotofautiana ni njia ambayo fedha inapita hadi kumfikia mshindi.

Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, iliyotungwa mwaka 1967, inakataza mahakama kukaza hukumu ya fedha, yaani kuitekeleza kwa nguvu, kwa kukamata mali ya Serikali. Badala yake mshindi anaomba mahakamani cheti kinachotaja kiasi anachostahili, na cheti hicho ndicho kinachodai malipo Serikalini. Tena hakuna mtumishi anayebeba deni hilo binafsi, kwa hiyo nyumba ya Katibu Mkuu wa wizara nayo iko salama. Kenya wana utaratibu unaofanana katika kifungu cha 21 cha sheria yao, Sura ya 40. Zote mbili zina asili katika sheria za Kiingereza kuhusu mashauri ya Taji, yaani dola ya kifalme.

Nadhani wengi tunachanganya hapa mambo mawili: kuishtaki Serikali na kukamata mali yake. Mlango wa kwanza uliwahi kubanwa sana Tanzania, kwani ilibidi upate kwanza kibali cha Serikali ndipo uishtaki. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilisema sharti hilo linakiuka Katiba, na mwaka uliofuata likaja sharti la kuipa Serikali notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Tangu mwaka 2020 notisi hiyo inahitajika pia kwa halmashauri na mashirika ya umma, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi. Kushtaki, basi, kunaruhusiwa kwa masharti. Mlango wa pili, ule wa dalali, ndio uliofungwa.

Kwa nini ufungwe? Fikiria kikoba cha mtaani. Fedha zimo kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na kila ufunguo uko kwa mwanachama tofauti. Mwenye maturubai anakidai kikoba fedha za sherehe. Anamfuata mweka hazina nyumbani. Mweka hazina anakiri deni, tena kwa moyo mweupe, lakini ufunguo wake mmoja haufungui sanduku. Mpaka kikao kikae, deni lisomwe, liandikwe kwenye daftari, na funguo tatu zikutane. Sasa mwenye maturubai akikasirika akabeba viti vya kikoba, hajafungua sanduku hata kidogo. Wanachama watakaa chini, kisha watachanga upya kununua viti.

Serikali iko hivyo. Katiba ya Tanzania, ibara ya 135 na 136, inaweka Mfuko Mkuu wa Hazina na kuzuia fedha kuchotwa humo bila idhini ya sheria. Bunge linapitisha fedha kwa mafungu, kila fungu lina kasma zake, yaani vifungu vya matumizi, na Afisa Masuuli, yule anayesimamia fedha za fungu hilo, anajibu kwa kila shilingi. Dalali ana faida kwa mdaiwa aliyeficha fedha, kwa sababu anageuza mali kuwa taslimu. Fedha ya Serikali haijafichwa, imefungwa kwa idhini. Ukiuza gari la wagonjwa la hospitali ya wilaya umepata sehemu ya deni, mgonjwa wa usiku huo amekosa usafiri, na gari jingine litanunuliwa kwa fedha za umma zilezile.

Hapo ndipo kazi ya wakili wa Serikali katika madai inapoonekana. Yeye si yule anayempeleka mwizi jela. Mwaka 2018 kazi hizo ziligawanywa: mashtaka ya jinai yako Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, madai yako Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali. Siku zile 90 ni zake za kuchimba: mkataba uko wapi, nani alisaini, kazi ilipokelewa? Akiona Serikali itashindwa, ushauri wa maana ni kumaliza jambo mapema, kabla gharama hazijapanda. Na hukumu ikishatoka, yeye ndiye wa kumweleza Afisa Masuuli kwamba deni hili halina mjadala tena.

Sisemi malipo huja haraka. Cheti kinaweza kusubiri bajeti, na kusubiri huko kunaumiza watu wadogo kuliko kampuni kubwa. Kenya, cheti kikipuuzwa, mshindi hurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhusika alipe, na afisa akikaidi anaweza kujibu kwa kudharau mahakama.

Kinga hii pia inaishia mpakani. Agosti 2019 Airbus A220 ya Air Tanzania ilizuiwa Johannesburg kwa amri ya mahakama, kutokana na madai ya mkulima aliyekuwa akiidai Serikali fidia ya mali zilizotaifishwa. Sheria ya Afrika Kusini inakubali kukamatwa kwa mali ya nchi ya kigeni ikiwa inatumika kwa biashara, na ndege ya abiria ni biashara. Mawakili wa Serikali ya Tanzania walilazimika kwenda kubishana huko, na mwanzoni mwa Septemba ndege ikaachiwa. Sura ya 5 haikuwa na la kuwasaidia, kwa sababu jaji wa Johannesburg hafungwi nayo.