Dipoli ya Bahari ya Hindi ni kitu gani, na kwa nini kila mvua kubwa tunaiita El Nino

Oktoba 2022 mtaani kwetu Dar tulikuwa tunapanga madumu foleni. Mto Ruvu umepungua, maji ya bomba ni ya mgao, mvua za vuli hazijulikani ziko wapi, na mwenye kisima ndo amekuwa bosi wa mtaa. Haya, piga hesabu mwaka mmoja tu mbele, Novemba 2023, mtaa ule ule maji yako magotini, barabara ya bonde la Jangwani imefungwa, na vijana wanavusha watu mgongoni kwa hela. Siku hiyo kwenye daladala konda akatoa jibu lake bila kuulizwa: "El Nino hiyo wazee, El Nino."

Konda hakukosea sana maana 2023 El Nino ilikuwepo kweli. Shida ni kwamba hilo jina tumelifanya la kila kitu, mvua ikinyesha siku tatu mfululizo basi El Nino, wakati El Nino yenyewe ni maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, huko karibu na Peru, mbali mno na Kigamboni. Na sisi tuna bahari yetu hapa mlangoni ambayo kwa mvua za vuli ina sauti kubwa kuliko hiyo Pasifiki, ila hakuna anayeitaja. Hiyo tabia ya bahari yetu ndo inaitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi, kwenye taarifa za hali ya hewa utaikuta imeandikwa kwa kifupi cha Kiingereza, IOD.

Dipoli maana yake ni kitu chenye ncha mbili. Ncha ya kwanza ni upande wetu, maji ya kuanzia pwani ya Somalia na Kenya na Tanzania kwenda mbele huko baharini, na ncha ya pili ni kule ng'ambo, maji ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Dipoli ni tofauti ya joto kati ya hizo ncha mbili, basi. Upande wetu ukiwa na joto kuliko kawaida na wa kule ukiwa umepoa wanasema dipoli chanya, ikiwa kinyume chake ni dipoli hasi, na miaka mingine haiko huku wala kule.

Sasa inatokeaje? Chukua bakuli la uji wa moto, acha utulie kidogo mpaka juu pafanye utando, halafu puliza kutokea upande wako. Utaona ule wa juu unasukumwa unarundikana ukingo wa mbele, na hapa karibu na mdomo wako ule wa chini ndo unapanda juu kuchukua nafasi. Bahari nayo ni hivyo hivyo, upepo ukivuma muda mrefu kwenda upande mmoja unasukuma maji ya juu, ambayo ndo yenye joto la jua, na kule yalikotoka maji ya chini yanapanda. Tofauti na uji ni kwamba baharini ya chini ni ya baridi.

Mwaka wa kawaida, kwenye ikweta, upepo unavuma kutoka upande wa Afrika kwenda Indonesia, hasa vile vipindi vya katikati wakati kusi inaondoka na kaskazi haijashika. Kwa hiyo maji ya moto yanarundikana kule kwao, hewa inapanda kule kwao, mawingu na mvua vinabaki kule kwao. Hewa iliyopanda kule lazima ishuke mahali, na sehemu mojawapo inaposhukia ni juu yetu sisi. Hewa inayoshuka haitengenezi mawingu. Hiyo ni sababu mojawapo Afrika Mashariki tuko kwenye ikweta kabisa lakini tuna nchi kavu ukilinganisha na wenzetu wa Kongo au wa Indonesia, watu wengi hawajawahi kujiuliza hilo.

Mwaka wa dipoli chanya ule upepo unalegea au unageuka kabisa, unavuma kuja huku. Maji ya baridi yanaibuka pwani ya Sumatra na Java, ya moto yanasogea kwetu, yanatoa mvuke mwingi, hewa inaanza kupanda upande wetu, na mvua zilizokuwa za Indonesia zinahamia Mombasa na Tanga na Dar. Kule wanabaki na ukame na moshi wa misitu kuungua, sisi tunabaki na mafuriko. Dipoli hasi ni ya kawaida iliyozidi kipimo: maji yote ya moto yako kule, huku vuli inakufa.

Kuipima si kazi ngumu hata kidogo. Wanachukua wastani wa joto la maji ya juu kwenye eneo moja kubwa la magharibi mwa bahari na eneo lingine la mashariki, wanaangalia kila moja limezidi au limepungua kiasi gani kutoka kwenye kawaida yake, wanatoa moja kwenye jingine, inabaki namba moja. Wataalamu wa Australia, ambao wanaifuatilia sana maana inawaumiza na wao, wanahesabu kwamba ikipita digrii 0.4 na kukaa hapo kwa wiki kadhaa ni chanya, ikishuka chini ya 0.4 hasi ni hasi. Oktoba 2019 ilifika karibu 2. Digrii 2 kwenye chai huwezi hata kuzihisi, ila hizi zimetandazwa kwenye maji ya ukubwa wa nchi kadhaa kwa miezi, ni nishati isiyosemeka.

Na ina ratiba, hili ni muhimu. Inaanza kujijenga kama Mei au Juni, inafika kilele Septemba mpaka Novemba, kaskazi ikishika inavunjika. Kwa hiyo inagonga vuli. Mafuriko ya masika, mwezi wa nne na wa tano, usiyasingizie dipoli, hayo yana wakubwa wake wengine. Na kama uko Mbeya au Songea ambako mvua ni msimu mmoja, haya mahesabu hayakuhusu sana kama mtu wa Pwani, Tanga au Moshi.

Kingine cha kushangaza, jina lenyewe ni la juzi tu. Mwaka 1999 ndo kundi la wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi Japan, akina Saji na Yamagata, walichapisha utafiti wakaipa jina, miaka miwili tu baada ya yale ya 1997. Wazee wa huku mvua za 1997 mpaka mwanzo wa 1998 wanazikumbuka vizuri, zile zilizobeba madaraja na zikafuatiwa na homa ya Bonde la Ufa iliyoua mifugo na watu Kenya, Somalia na Tanzania. Mwaka ule El Nino kubwa na dipoli chanya kubwa zilikuja pamoja, na kwa kuwa jina la El Nino lilikuwepo na la dipoli halikuwepo, sifa zote zikaenda kwa mmoja. Tangu hapo tumeshikilia.

Ushahidi kwamba si El Nino peke yake uko wazi ukiangalia miaka mingine. 2015 El Nino ilikuwa moja ya kubwa kabisa kuwahi kupimwa, serikali zikajiandaa, watu wakatishana, halafu mvua zilikuja ila wengi tulibaki tunaulizana ndo hii? Dipoli mwaka ule ilikuwa ya wastani tu. Geuza upande, 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia, hakuna El Nino ya maana, lakini dipoli ilivunja rekodi: Tanga barabara zikakatika, Pokot Magharibi kule Kenya maporomoko yakazika watu Novemba, nzige wa jangwani waliotokea Uarabuni wakakuta majani mabichi kila mahali wakazaliana, na kufika Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limejaa kuliko lilivyowahi kupimwa, watu wa mwambao nyumba zao ziko majini. Na mwisho huo huo wa 2019 Australia ilikuwa inateketea kwa moto. Bahari ni hiyo hiyo moja. Hata 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, ilikuwa dipoli chanya, na ziwa likapanda zaidi ya mita 2 ndani ya miaka kama mitatu.

Na zile foleni zangu za madumu za 2022? Dipoli hasi yenye nguvu, tena imekutana na La Nina, yaani kinyume cha El Nino, Pasifiki ikipoa, ya mwaka wa tatu mfululizo. Wenzetu wa kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia walikosa misimu mitano ya mvua kwa kufuatana, kuanzia mwisho wa 2020. Sisi tulikosa maji ya kuoga, wao wengine walikosa ng'ombe wote.

Sasa mtu atauliza, kama hii kitu ilikuwepo tangu 1961 na huko nyuma zaidi, mabadiliko ya tabianchi yanaingiaje? Hapa ndo watu wanagombana mitandaoni bure, mmoja anasema kila mvua ni tabianchi, mwingine anasema mbona mafuriko yalikuwepo toka enzi za babu, na wote wawili wanaacha nusu ya habari.

Mtu wa pwani ataelewa haraka nikisema maji kupwa na kujaa. Kupwa na kujaa kupo siku zote, hakukuletwa na kiwanda chochote. Lakini kama bahari yenyewe imepanda, basi bamvua ile ile iliyokuwa inaishia kwenye mnazi sasa inafika mlangoni. Dipoli ndo kupwa na kujaa, ongezeko la joto la dunia ndo bahari kupanda.

Kwa namba: kabla ya viwanda hewa ukaa ilikuwa kama chembe 280 kwenye kila chembe milioni za hewa, sasa imepita 420, na sababu kubwa ni makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyochoma, pamoja na misitu tunayofyeka. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na hewa hizo linaingia baharini, na maji ya juu ya Bahari ya Hindi yameongezeka joto kwa karibu digrii 1 tangu miaka ya 1950. Halafu kila digrii 1 inavyoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Kwa hiyo dipoli ya leo inapoleta mawingu huku inaleta yaliyoshiba kuliko ya 1961. Wanasayansi waliochambua mvua za mwisho wa 2023 waliona mabadiliko ya tabianchi yalizifanya kuwa kubwa zaidi, mpaka mara mbili ya ambavyo zingekuwa, na ule ukame wa 2020 mpaka 2022 walikadiria uwezekano wake umeongezeka karibu mara 100, hasa kwa sababu joto linanyonya unyevu wote ardhini hata ule mdogo ulionyesha. Kuna utafiti mwingine wa 2014 unasema kama dunia itaendelea kuchoma kwa kasi, dipoli chanya zile kali kabisa zitatoka kwenye moja kila miaka 17 hivi mpaka moja kila miaka 6 hivi. Hii bado ni mahesabu ya kompyuta, ila mimi nisingejenga bondeni kwa kutegemea kwamba kompyuta imekosea.

Cha kufanya ni nini? Kupunguza kuchoma mafuta ni kazi ya dunia nzima, hasa ya wale wenye viwanda, Afrika yote ikijumlishwa haifiki hata asilimia 5 ya hewa ukaa inayotoka kila mwaka, kwa hiyo tusidanganyane kwamba mkaa wa bi mkubwa ndo umejaza Jangwani. Lakini kwenye dipoli tuna bahati moja ambayo tunaichezea: inaonekana mapema. Ikianza Juni na mvua ni Oktoba, una miezi kama mitatu minne. Vuli inatabirika vizuri kuliko masika, na TMA (mamlaka yetu ya hali ya hewa Tanzania), wenzao wa Kenya, na ICPAC, kile kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu, wanatoa utabiri wa msimu kama mwishoni mwa Agosti hivi. Muda huo unatosha kuzibua mitaro, kuchanja ng'ombe homa ya Bonde la Ufa (ukisubiri mbu wajae umeshachelewa), au mwaka wa dipoli hasi kuachana na mahindi ya muda mrefu ukapanda mtama au mbegu ya siku chache.

Tatizo lugha. Utabiri unasomwa redioni "mvua za wastani hadi juu ya wastani", mtu anasikia anacheka, maana kwake ni kama kuambiwa inaweza ikanyesha au isinyeshe. Wastani pale ni ule wa miaka 30 kwa eneo lako, na maana ya sentensi nzima ni kwamba bahati imeegemea upande wa mvua nyingi, kama karata zilizochanganywa vibaya, si kwamba wamekuapia.

Mjomba wangu ni mvuvi Kunduchi, nilimweleza haya yote na bakuli la uji mbele yetu, akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mwanangu, hilo lidipoli mwaka huu limekaaje?"

Nikamwambia bado mapema mjomba, subiri Agosti.

"Agosti bati zinapanda bei," akasema, akavuta bakuli akanywa uji.