Ringi mpya hazitaki kudekezwa: kuzoesha injini ya gari la mbio

Dhana: Injini mpya iendeshwe taratibu tu mpaka ikolee.

Hii imeharibu injini nyingi za watu waangalifu. Kitabu cha Subaru WRX STI kinasema kilomita 1,600 za kwanza mshale usipite mizunguko 4,000 kwa dakika, na wengi huishia kusoma hapo. Lakini kinakataza pia kwenda mwendo mmoja kwa muda mrefu, uwe wa kasi au wa pole.

Ukimulika tochi ndani ya silinda mpya utaona mistari myembamba inayokatizana kama msuko wa mkeka. Mistari hiyo hushika oili, na ncha zake husagana na ringi za pistoni, yaani vile vipete vya chuma vinavyoziba nafasi kati ya pistoni na silinda, mpaka vitu hivi viwili vipatane. Kinachozigandamiza ringi ukutani, zaidi ya msukumo wa ringi zenyewe, ni gesi ya mlipuko inayopenya nyuma yake. Ukigusa pedali ya mafuta kwa ncha ya kidole cha mguu tu, gesi hiyo haina nguvu. Ringi hazikai, ukuta unapata utando wa oili iliyoungua unaong'aa kama kioo, na gari linaanza kula oili likiwa bado linanukia upya. Kwa hiyo kanyaga kiasi, achia, acha gia ilishike gari, kanyaga tena. Kupanda Lushoto kutoka Mombo kunaifaa injini mpya kuliko saa tatu za mwendo uleule kwenye barabara iliyonyooka.

Dhana: Basi ikamuliwe tangu siku ya kwanza.

Wala. Gari si ringi tu. Kuna gia, difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu), breki na matairi, navyo ni vipya. Kompyuta ya Corvette C8 yenyewe hupunguza nguvu ya injini katika kilomita 800 za mwanzo, maana Chevrolet wanatujua. BMW hutaka magari yake ya M, yale ya kasi, yabadilishwe oili ya injini na ya difu yakifika kilomita 2,000.

Dhana: Oili ya sintetiki huzuia ringi kukaa.

Corvette zinatoka kiwandani na sintetiki tangu 1992. Tuendelee.

Dhana: Ukinunua used, ulizia aliyelizoesha.

Utaambiwa lilikuwa la mzee wa Kijapani aliyekuwa akienda nalo sokoni. Kwenye kilomita 90,000 ringi zilishakaa au zilishashindwa, na maneno hayabadilishi kitu. Pima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya kila silinda, na silinda zote zikaribiane. Injini ya EJ257 ya STI inajulikana kwa kumeguka kingo za pistoni zinazobeba ringi, na kipimo hicho ndicho huiumbua. Nenda alfajiri ikiwa baridi, uwashe mwenyewe, uangalie moshi wa bluu nyuma, dalili ya oili inayoungua. Ukikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, jiulize kwa nini.

Dhana: "Injini imefunguliwa juzi" maana yake huna wasiwasi.

Hapo ndipo wasiwasi unapoanza. Kitabu kilekile cha Subaru kinataka injini iliyofungwa upya izoeshwe sawasawa na mpya, hata pedi za breki zikibadilishwa. Siku nilipokabidhiwa yangu baada ya kufungwa ringi mpya, fundi aliipigisha ngurumo mpaka mwisho wa mshale pale getini ili nisikie ilivyopona. Vijana wa gereji walishangilia, nami nikacheka nao. Miezi miwili baadaye nilikuwa natembea na galoni ya oili kwenye buti.