"Ombea tu viongozi": dhana zinazotulaza kuhusu imani na demokrasia

"Mtu wa rohoni hajihusishi na siasa"

Wakoloni wa Kibelgiji waliotawala Kongo hawakuiamini dhana hii hata siku moja. Mwaka 1921 walimkamata Simon Kimbangu, mhubiri asiye na bunduki wala chama, wakamhukumu kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akatolewa kwao Nkamba, akaletwa gerezani hapa Lubumbashi, enzi hizo Élisabethville, akafia kifungoni mwaka 1951. Miaka 30! Serikali haimwogopi mtu kiasi hicho kwa sababu anapiga magoti. Inamwogopa kwa sababu waliopiga magoti pamoja naye wameanza kuinuka wakiwa watu wengine.

Mfano wa siku zetu ni Floribert Bwana Chui wa Goma, mashariki mwa Kongo. Alizaliwa 1981, akasoma sheria, akaajiriwa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Nje ya kazi alikuwa katika jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, akisali na wenzake na kuwahudumia watoto wa barabarani. Mwaka 2007 aliletewa rushwa apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa. Julai mwaka huohuo akatekwa na kuuawa, ana miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, hatua ya kabla ya utakatifu, mjini Roma.

Nina wasiwasi tutamgeuza picha ya kuning'iniza ukutani. Alichofanya ni kazi ya ofisini: hakutia sahihi. Sheria ya ukaguzi ilikuwepo kwenye karatasi, kama sheria zetu nyingi nzuri, na safari hii ikapata mtu wa kuibeba. Sisi tunaosonga bukari, yaani ugali, kwa unga unaopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tungepaswa kuelewa haraka kuliko wengine uzito wa sahihi ya mkaguzi. Na moyo wa kukataa haupatikani papo hapo, bahasha ikiwa tayari mezani. Unatengenezwa kabla, katika mazoea ya kujihoji na ya kuwaona watoto wenye njaa kuwa ni wako.

"Mambo ya moyo ni siri ya mtu na Mungu wake"

Katanga, eneo letu hili la migodi, ina jibu lake. Miaka ya 1950, karibu na Kolwezi, padri Mfransisko Placide Tempels alikuwa akikutana na wafanyakazi wa migodi na wake zao. Kundi likaitwa Jamaa, na mafundisho yake yakazunguka mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Padri Mzungu na mchimba madini walikaa kama ndugu, ndani ya koloni iliyotenga hata mitaa ya kulala. Sisemi Jamaa ndiyo iliyoleta uhuru. Siasa haikuwa shughuli yake. Lakini kura inadai uamini kwamba neno la jirani lina uzito sawa na lako, na hilo kadi ya mpiga kura haikufundishi.

"Tukipata rais aliyeokoka, nchi itapona"

Vukeni mpaka muulize. Rais Frederick Chiluba aliitangaza Zambia taifa la Kikristo tarehe 29 Desemba 1991. Mwaka 2007, katika kesi ya madai, mahakama ya London iliamua kwamba alishiriki kuiba mamilioni ya dola za umma. Kwao Zambia, mahakama ya jinai ilimwachia huru mwaka 2009. Vyovyote utakavyopima hukumu hizo mbili, wokovu wa mkubwa hauchukui nafasi ya mkaguzi wa hesabu.

"Kila mmoja abadilike kwanza, nchi itafuata yenyewe"

Hii ndiyo ngumu, maana nusu yake ni kweli. Floribert alikuwa ameshabadilika, akauawa. Anayekataa peke yake ni rahisi kumwondoa. Ofisi nzima ikikataa, mwenye mzigo hajui amtishe nani.

Kuna jumuiya moja ya sala pale Katuba, hapa Lubumbashi, ambako mweka hazina husoma matumizi kwa sauti, hadi bei ya mishumaa, na kuna mama anayedai risiti bila mtu kumnunia. Mama huyohuyo akifika ofisi ya komine, yaani serikali ya mtaa, huinamisha kichwa na kusema "ndiyo mkubwa". Ujasiri anao, ameuacha kwenye kibanda cha sala. Wenzake hawajawahi kumsindikiza nao hadi ofisini.

Njia ipo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Familia za jumuiya moja zinaweza kuuliza hivyo pesa ya soko imekwenda wapi, au mtaro umeishia wapi. Baada ya sala ya jioni barua isomwe, kila mtu atie sahihi yake mwenyewe, asitiliwe na mwingine. Ziandikwe nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri huo, ile miezi 3 haina pa kuanzia kuhesabiwa.